Kisu Kisubiri: Sheria ya Kenya na Watoto Huntha

Kila mswada wa kuwalinda watu wenye jinsi tata, yaani huntha, wale ambao maumbile yao hayaangukii moja kwa moja upande wa kiume wala wa kike, unapotajwa Nairobi, watu hugawanyika upesi. Wako wanaosema kwamba huo ni ushoga unaoingizwa kupitia mlango wa uani. Wako wanaoshangilia, na hao hubishana juu ya herufi: cheti cha kuzaliwa kiandikwe M ya kiume, F ya kike, au iongezwe I ya jinsi tata? Aprili 2024, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha azimio lake juu ya watu hawa kwa kura 24, hakuna aliyepinga na nchi 23 zikajizuia kupiga kura, nilisikia mabishano yale yale. Naona pande zote mbili zimekosea pa kutazama. Kinachowaumiza watoto hawa kuliko herufi yoyote ni upasuaji wanaofanyiwa wakiwa wachanga, hali hawaumwi, ili sehemu zao za siri zifanane na vile wakubwa walivyozoea kuona. Na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, ambayo wengi huisifu kwamba imeupiga marufuku upasuaji huo, haikuupiga marufuku. Iliuwekea mlinzi, na mlinzi mwenyewe siye.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Kiswahili kina neno la zamani, huntha, lililotoka katika Kiarabu. Magazeti hupenda kuandika "mwenye jinsia mbili", na msomaji hupata picha ya mtu mwenye viungo kamili vya kiume na kamili vya kike kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo hayupo. Waliopo ni watoto wa hali nyingi tofauti. Yuko msichana mwenye kromosomu za kike, ovari na mfuko wa uzazi, ambaye tezi zake zilizo juu ya figo zilimwaga homoni za kiume tangu tumboni mwa mama, akazaliwa na kisimi kikubwa kinachodhaniwa uume. Hali hii humpata takriban mtoto mmoja katika kila 15,000. Yuko mwenye kromosomu za kiume ambaye mwili wake hauisikii homoni ya kiume kabisa: huzaliwa msichana, hulelewa msichana, na hakuna anayeshuku lolote mpaka anapofika umri wa kuvunja ungo na damu isionekane. Yuko anayelelewa kama msichana, kisha baleghe ikamletea sauti nzito na misuli. Yuko mwenye tishu za ovari na za korodani pamoja, hali inayoonekana zaidi kusini mwa Afrika kuliko sehemu nyingine za dunia. Makadirio ya idadi yao hupanda na kushuka kutegemea nani anahesabiwa, na takwimu ambazo Umoja wa Mataifa hutumia huanzia asilimia 0.05 hadi 1.7. Wengi wao ni wazima wa afya. Utata uko katika fomu tunayotaka kuijaza.

Kenya imefika mbali katika safari hii kuliko jirani yeyote, na heshima hiyo inaistahili. Mwaka 2009 alizaliwa mtoto ambaye mahakama ilikuja kumwita Mtoto A. Katika karatasi zake za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mahali pa kuandika jinsi pakawekwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola akamwagiza Mwanasheria Mkuu arudi ndani ya siku 90 kueleza ni chombo gani kitakachokusanya takwimu za watu hawa na hatua za kutunga sheria zimefikia wapi. Jopo kazi likaundwa mwaka 2017. Sensa ya 2019 ikawahesabu watu 1,524 wenye jinsi tata kati ya Wakenya zaidi ya milioni 47, jambo ambalo halikuwa limefanyika katika sensa ya nchi nyingine ya Afrika. Idadi hiyo ni ndogo mno, na sababu yake inajulikana kwa yeyote aliyeishi na siri za aina hii: mhesabuji anapobisha hodi, jibu hutolewa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaficha. Tena wengine hawakuishi hadi kuhesabiwa. Mwaka 2017 wakunga wa jadi wa magharibi mwa Kenya waliieleza BBC jinsi watoto hao walivyokuwa wakiuawa mara tu baada ya kuzaliwa, na familia ikaambiwa kwa mafumbo kwamba mkunga "amevunja kiazi kitamu". Kiazi kitamu ni kitu laini, na kikivunjika hakiungiki. Sijui fumbo linalouma kuliko hilo.

Ukilinganisha na hayo, hospitali na ganzi yake na mashuka meupe huonekana kama uokozi. Ndiyo maana inabidi tujue wazo la kumpasua mtoto mapema lilitoka wapi. Halikuzuka katika uchunguzi wa watoto waliosubiriwa wakalinganishwa na waliopasuliwa. Lilitoka hasa katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, miaka ya 1950, ambako mwanasaikolojia John Money na wenzake walifundisha kwamba mtoto mdogo anaweza kulelewa awe mvulana au msichana, mradi mwili wake ufanane na malezi hayo na yeye asiambiwe kitu. Ushahidi uliotangazwa kwa sauti kubwa ulikuwa wa mtoto wa Winnipeg, Kanada, David Reimer, ambaye hakuwa huntha. Alizaliwa mvulana mwaka 1965, uume wake ukaunguzwa wakati wa kutahiriwa, akapasuliwa na kulelewa kama msichana. Ulimwengu ukaambiwa mambo yamekwenda vizuri. Mwaka 1997 ndipo ilipochapishwa habari kamili: mtoto hakukubali usichana hata siku moja, na alipoambiwa ukweli akiwa kijana alirudi kuishi kama mwanamume. Alijiua mwaka 2004. Msingi huo ulipoporomoka, desturi iliyojengwa juu yake ilikuwa imekwisha kusambaa katika vitabu vya udaktari duniani kote, pamoja na vile walivyosomea madaktari wetu. Mwaka 2006 mabingwa wa fani hiyo walichapisha makubaliano yaliyohimiza tahadhari kubwa zaidi, lakini hayakuizuia mikono ya wapasuaji.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana: kwamba kuwatetea watoto hawa ni kufungulia ushoga. Ushoga, uupende au uuchukie, unahusu nani anamtamani nani. Mtoto wa siku tatu hamtamani mtu yeyote; anataka ziwa la mama yake. Mwili wake umetokana na kromosomu na homoni ambazo hakuzichagua yeye wala wazazi wake, kama vile mwingine anavyozaliwa na midomo sungura. Wanaotoa hoja hii husema pia kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Nawaomba watazame pwani yetu wenyewe. Waislamu wengi kuanzia Lamu hadi Kilwa hufuata madhehebu ya Shafi, na katika elimu ya mirathi ya madhehebu hayo kuna mlango wa huntha mushkili, yaani yule ambaye hali yake haijabainika. Hukumu yake ni kwamba kila mrithi, pamoja na huntha mwenyewe, apewe fungu ambalo halina shaka, na kilichobaki kizuiwe mpaka mambo yabainike au warithi wapatane. Ili yabainike, wanazuoni walitazama njia ya mkojo, kisha wakaingoja baleghe, na dalili za mwili zikikosekana walikubali kauli ya mwenyewe kuhusu nafsi yake inaelemea wapi. Wapo wanazuoni wa zama hizi walioruhusu tiba ya kuondoa utata, na sitaki kuwasemea vingine. Ninachosema ni kwamba kumsubiri mtoto akue na kumsikiliza ni jambo ambalo babu zetu walilisoma mikekani kabla ya Baltimore kuwa na hospitali.

Hoja nzito ni ya dhihaka, na anayeipuuza hajawahi kulea mtoto hapa kwetu. Watoto huogeshwa uani, majirani huona. Shule za bweni zina mabafu yasiyo na milango. Kuna tohara, kuna jando, kuna shangazi anayetaka kubadilisha nepi. Mama anayeomba mtoto wake apasuliwe si katili. Anaona miaka 15 ya kejeli ikimjia mwanawe na anataka kuizuia kwa asubuhi moja. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika benchi nje ya wodi ya wazazi pamoja na binamu yangu na mama mkwe wake. Daktari kijana, mpole kabisa, alikuja akauliza, "Mama, mngependa tumfanye msichana au mvulana? Msichana ni rahisi zaidi." Binamu yangu alikuwa analia. Yule bibi ndiye aliyejibu kwa kuuliza: "Kwani anaumwa nini, daktari?" Daktari akasema haumwi. "Basi mwache anyonye." Nimesoma mengi tangu siku ile, na bado sijakutana na njia bora ya kuanza mazungumzo haya.

Maana hoja ya dhihaka ina sharti lililojificha ndani yake: kwamba upasuaji huimaliza. Mara nyingi hauimalizi. Uke uliotengenezwa kwa mtoto mchanga huweza kusinyaa na kuhitaji kupasuliwa tena anapobaleghe, na kati ya hapo kuna kupanuliwa kwa vyombo, makovu, ziara za kliniki ambamo wanafunzi wa udaktari huitwa kuja kutazama. Kisimi kilichopunguzwa huweza kupoteza hisia, na hisia hizo hazirudishwi. Korodani zilizoondolewa huondoka na homoni ambazo mwili ulikuwa ukijitengenezea, na mtu hubaki akitegemea dawa maisha yake yote. Pengine huondoka pia na nafasi ya kupata mtoto. Na ikiwa waliokisia walikisia vibaya, kijana anayejiona mwanamume atakua na mwili ambao wengine waliupunguza kabla hajajua kusema. Wanaoshauri kusubiri hawasemi mtoto alelewe bila ya kuwa mvulana wala msichana. Apewe jina, avalishwe, aitwe "mwanangu" kama mwingine yeyote, kwa kufuata vipimo na uwezekano mkubwa. Jina hubadilika. Nguo hubadilika. Nyama iliyokatwa hairudi.

Kuna wanaosema: lakini wazazi huwaamulia watoto kila kitu, chanjo, shule, dini, kwa nini hili wakatazwe? Jibu tunalo tayari katika sheria zetu. Tanzania ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 mwaka 1998, Uganda ikafuata mwaka 2010, na Kenya ikatunga sheria yake kali mwaka 2011, ambayo haikubali ridhaa wala mila kuwa utetezi. Wazazi wa binti aliyekeketwa nao walikuwa na nia njema. Nao walisema atachekwa, hataolewa, hatakaa na wenzake. Tuliwasikiliza, tukakataa, kwa sababu tuliona kwamba hofu ya jamii haiwi ruhusa ya kuukata mwili wa mtoto mwenye afya. Sasa chukua msichana yule mwenye kisimi kikubwa. Nyanya akimkata kwa wembe kijijini, ni jela. Daktari akimkata hospitalini kwa sababu ile ile, kwamba aonekane kama wenzake na aje aolewe, ni tiba. Sheria ya Kenya ya ukeketaji inaruhusu upasuaji unaohitajika kwa afya ya mwili au ya akili ya mtu, na ni kwa kupitia neno hilo la akili kwamba hofu ya wazazi hugeuka kuwa ugonjwa wa mtoto. Sioni jinsi tunavyoweza kuzitetea sheria hizi tatu kwa moyo mkunjufu huku tukiufumbia macho ukataji huu mwingine.

Madaktari wana hoja yao, nami nawaheshimu. Husema kwamba mtoto mchanga hupona haraka na hatakumbuka maumivu. Husema pia kwamba wapo wanawake waliozaliwa na tatizo la tezi za juu ya figo ambao, wakiulizwa ukubwani, hujibu kwamba wanaridhika kupasuliwa mapema. Ni kweli, wapo, na anayewatetea huntha akiwaficha hao hatendi haki. Lakini angalia mizani. Aliyesubiriwa akataka upasuaji anaweza kuupata akiwa na miaka 16 au 20, akijua anachokipata na anachokipoteza. Aliyepasuliwa na hakutaka hana pa kwenda kudai. Makosa ya pande hizi mbili hayalingani uzito, na kanuni ya kwanza ya udaktari ni kutomdhuru mgonjwa, achilia mbali asiye mgonjwa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna upande mwingine wa kutoelewa ambao unaweza kuua. Nimewasikia watu wakisema kwamba sasa sheria inakataza mtoto huntha kutibiwa. Haikatazi, na ole wake atakayeisoma hivyo. Mtoto mwenye tatizo hilo la tezi, katika hali yake kali, hushindwa kuhifadhi chumvi mwilini. Wiki ya kwanza hunyonya vizuri. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu huanza kutapika, huishiwa nguvu, hukauka maji. Sodiamu ya damu hushuka, potasiamu hupanda, na moyo husimama. Huku kwetu wengi husema ni tumbo la kuhara au jicho la mtu. Tiba yake ni vidonge, haidrokotisoni na fludrokotisoni, vya kila siku kwa maisha yote, na dripu ya dharura anapozidiwa. Wavulana wenye tatizo hilo huonekana wa kawaida wanapozaliwa, kwa hiyo hufa bila ya kujulikana. Wasichana angalau mwili wao hutoa onyo, na onyo hilo hupotea bure mzazi anapomficha mtoto kwa aibu au hospitali inapouangalia umbo na kusahau damu. Kuna mengine pia yasiyosubiri: kibofu kilicho wazi nje ya tumbo, njia ya mkojo iliyoziba. Na kuna tezi za uzazi, yaani ovari au korodani, ambazo katika hali fulani zina hatari ya saratani na lazima zifuatiliwe, ingawa katika hali nyingine hatari hiyo ni ndogo kabla ya baleghe na kuziondoa utotoni hakuna sababu. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari ni moja: hili lisipofanywa mwezi huu, mtoto atadhurika vipi mwilini? Akijibu kwa kutaja mkojo, damu au uvimbe, asaini mzazi. Akijibu kwa kutaja majirani, warudi nyumbani.

Sasa turudi kwenye sheria ya 2022. Ina mema mengi: inamtambua mtoto mwenye jinsi tata kwa ufafanuzi mpana unaozingatia kromosomu, homoni na maumbile, inampa haki ya utu, matibabu na elimu, na inaagiza asajiliwe anapozaliwa. Ilipofika kwenye kisu ikasema mtoto huyo asibadilishwe viungo isipokuwa kwa ushauri wa mtaalamu wa jenetiki. Soma tena sentensi hiyo. Mtaalamu wa jenetiki anaweza kukuambia kromosomu za mtoto ni zipi na jeni ipi ina hitilafu. Hawezi kukuambia kama mtoto akikua atajiona mwanamume au mwanamke, kama atautaka upasuaji, wala kama wazazi wameelewa walichoambiwa. Maabara haina kipimo cha ridhaa. Tena wataalamu hao ni wachache sana katika kanda yetu, karibu wote wako katika miji mikubwa, na daktari aliye Lodwar au Kwale atabaki na njia mbili: kutafuta saini ya mbali au kufanya kimya kimya. Pale panapopatikana saini, upasuaji usio wa lazima unakuwa halali kabisa. Hilo silo katazo.

Wengine wameandika vizuri zaidi. Malta, mwaka 2015, ilisema kwamba tiba yoyote ya kubadilisha sehemu hizi inayoweza kuahirishwa mpaka mwenyewe aweze kuridhia ni kinyume cha sheria. Ikiwa lazima, waamue wazazi pamoja na jopo la fani mbalimbali, na sababu za kijamii zisihesabiwe. Mahakama ya Katiba ya Colombia ilikuwa imeonyesha njia tangu 1999: mtoto akishapita miaka mitano mzazi hamwamulii tena, na kabla ya hapo ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, atolewe maelezo kamili, na arudie kuitoa baada ya muda kupita, kwa kuwa mzazi wa siku ya tatu si mzazi wa mwezi wa sita. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo, katika azimio lake la mwaka 2023, iliyataka mataifa yetu yakomeshe upasuaji huu usio na ridhaa. Kwa hiyo hatuombwi kuvumbua kitu.

Majirani wako nyuma zaidi. Sheria ya usajili ya Uganda ya 2015 inataja huntha mahali pamoja tu: mtoto akishabadilishwa kwa upasuaji na daktari akathibitisha, rekodi yake inaweza kusahihishwa. Yaani kisu ndicho ufunguo wa karatasi, na mzazi anayetaka cheti kilichonyooka anajua pa kwenda. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 haiwataji kabisa, ingawa inakataza mtoto kutendewa ukatili wowote na mila zinazoumiza mwili na akili yake, na wakili jasiri angeweza kuanzia hapo. Jambo moja zaidi halijaandikwa vizuri popote katika kanda hii, nalo ni faili. Wengi waliopasuliwa utotoni walifichwa. Waliambiwa ni henia, waliambiwa ni jipu. Mtu mzima anayekwenda hospitali ileile akaambiwa rekodi zake hazipo hawezi hata kujua ni kiungo gani alichokuwa nacho, wala dawa gani anapaswa kunywa.

Kwa hiyo, mswada utakaporudi bungeni Nairobi, naomba wabunge wasimalizie nguvu zao kwenye herufi. Wakifute kile kifungu cha jenetiki, na mahali pake waandike kwamba hakuna mtoto atakayepasuliwa, kuondolewa wala kutengenezewa kiungo cha uzazi ikiwa jambo hilo linaweza kungoja mpaka aweze kulisemea mwenyewe. Kwamba hofu ya aibu, ya ndoa au ya jina la ukoo si sababu ya kitabibu. Kwamba vipimo vya chumvi ya damu na dawa zake viwe bure katika kila hospitali ya kaunti. Kwamba cheti kitolewe bila ya kungoja mkono wa daktari mpasuaji, na kisahihishwe bila ya kuuliza habari za mkono huo. Na kwamba faili lote litunzwe, mpaka siku mwenyewe atakapokuja kulisoma.